Mama Raphael, Kopo la Dagaa na Kopo la Ufuta

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Coletha Mihayo, ambaye sisi sote tunamwita Mama Raphael, anavua aproni katika jiko la Karakana ya Mansukhlal na Wanawe, hapa Ngokolo, Shinyanga. Ametumikia miaka thelathini na moja, miezi mitatu na siku ishirini na saba. Siku hizo nimezihesabu mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani, na kama kuna mtu wa ofisini atapata jibu jingine, basi kalenda yake ndiyo mbovu.

Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu uandikwe na mtu mwenye digrii. Nikawaambia mwenye digrii ameanza kula hapa mwaka juzi, mimi nimekula kwa mkono wa mama huyu miaka ishirini na minne. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini ni lile darasa la saba la zamani. Wakanipa kalamu. Nitasema ya kazi yake, na nitasema pia ya ile Alhamisi ya mwaka 2019 ambayo nusura imwondoe jikoni na kumchafulia jina, maana yaliyofuata ndiyo yaliyonijulisha hasa ni mtu wa namna gani.

Mama Raphael alizaliwa Ushirombo mwaka 1965, mtoto wa tano katika familia ya wakulima, watu wa kanisani kila Jumapili hata mvua ikinyesha ya kubomoa madaraja. Alifika hapa Machi 1994. Wakati huo marehemu Mzee Mansukhlal alikuwa na mafundi kumi na wawili, na chakula chao cha mchana kilikuwa muhogo wa kuchoma wa barabarani. Siku moja fundi alizimia akiwa ameinamia mashine. Mzee akasema hapana, karakana hii itakuwa na jiko. Akaita wapishi watatu, kila mmoja akapewa kilo mbili za maharage na unga, akaambiwa alishe watu kumi na wawili. Wawili wa kwanza walilalamika havitoshi. Mama Raphael hakulalamika. Alilisha watu kumi na wanne, mlinzi akiwemo, na mbwa wa mlinzi akapata ukoko. Jioni ileile alikabidhiwa ufunguo wa jiko.

Kwa wageni wetu waalikwa: kazi ya karakana hii ni kutengeneza makarasha, yaani zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Tunayapeleka Rwamgasa, Katoro, hadi upande wa Kahama kule Buzwagi. Karasha ni chuma cha kubeba kwa mgongo na magoti, kwa hiyo fundi asiye na mifupa hapa hana kazi. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kubeba ngoma ya karasha peke yangu kutoka kwenye lori mpaka mlangoni, mashahidi wapo ingawa wawili wamehama.

Sufuria lake kubwa nililichomelea mimi kutoka kwenye pipa la chuma cha pua. Ukiita ndani yake asubuhi, mwangwi unatoka saa sita mchana. Na sikio la mama huyu mnalijua. Mashine nne zikiwa zinanguruma, mimi ninachomelea, redio inapiga kelele, yeye yuko stoo anachagua mchele, atamwambia msaidizi wake, "Paskalina, maharage yamekaukiwa." Unakwenda kutazama, kweli, maji yamebaki kidole kimoja. Mimi hayo nimeyaona mara mia na bado nikiyaona nasimama.

Kila fundi mpya alipoingia, kabla hajaonyeshwa mahali pa kuvulia viatu, Mama Raphael alimweka kwenye benchi akamuuliza maswali mawili: chakula gani kinakudhuru, na kwenu mnakatazwa kula nini. Aliyadaka majibu akayaweka kichwani. Alikuwepo fundi ambaye ukoo wao hawali samaki kabisa. Yule alikuwa na kisufuria chake pembeni mpaka alipohamia Tabora, na hakuna aliyewahi kumcheka, maana anayecheka alipewa sahani aoshe.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Watu wa ukanda huu wa dhahabu tuna ugonjwa mmoja. Mtu akiwa hana kitu anakula dagaa, majani ya kunde na maziwa mgando. Siku jiwe likitoa dhahabu, anahamia nyama na soda, na kuanzia hapo ukimwekea dagaa mezani anakuona umemtukana. Tabia hiyo ilitoka machimboni ikaingia karakanani kwetu pamoja na makarasha. Mafundi tulikuwa tukisukuma sahani ya dagaa pembeni kwa kidole kimoja. Tulikuwa tukisema, "Mama Raphael, kwani tumefulia?" Msemaji mkubwa alikuwa Eustace, fundi mitambo, aliyeapa mbele ya watu kwamba dagaa atapita kooni mwake siku ya mazishi yake.

Mama Raphael hakubishana. Mwaka 2008 alianza kupiga hesabu yake kimyakimya. Aliona mafundi wa miaka arobaini wanashika kiuno kama wazee. Aliona tunakunywa soda asubuhi, mchana na jioni. Akakumbuka wanawake wa kwao wanaolima na jembe wakiwa na miaka sabini, na kitu wanachokula. Basi akawa ananunua dagaa wa Nkome, wale wakavu wa jua, anawapembua mchanga, anawaosha, anawakausha tena, anawakaanga bila mafuta mpaka wanakuwa wakavu wa kuvunjika, kisha anawatwanga kwenye kinu na vichwa vyao na miiba yao yote mpaka wanakuwa unga wa kahawia. Unga huo akauweka kwenye kopo kubwa. Kila siku mchuzi wa nyama ukikaribia kuiva, anachota anatia. Hakuwa amemdanganya mtu. Aliuliza kila mmoja kama anakula samaki, tukasema tunakula. Dagaa si samaki? Kiburi chetu ndicho hakikuulizwa.

Tukala. Tukasifu. Eustace alikuwa akipangusa sahani kwa tonge na kusema, "Hapa ndipo unapojua nyama imepikwa na mtu mzima." Miaka kumi na moja.

Mwaka 2017, Mama Madhuben, mjane wa Mzee Mansukhlal, aliteleza kwenye ngazi za nyumba yao humuhumu uani akavunjika kifundo cha mkono. Hospitali wakamfunga, wakampima, wakasema mifupa imeanza kuwa myepesi. Mwanawe Sameer, mkurugenzi wetu, alishtuka kama mtoto yeyote ambaye amebakiza mzazi mmoja. Akanunua makopo ya vidonge vya mifupa. Moja akampa mama yake. Na kwa moyo wake mzuri, jingine akaliweka kwenye meza yetu ya chakula, karibu na chumvi, kila fundi ajihudumie.

Hapo ndugu zangu tulifanya kosa la kifundi. Fundi anajua bolti mbili hushika kuliko moja. Kopo limeandikwa kimoja kwa siku, sisi tukasema hicho ni kipimo cha watu wa ofisini. Mimi nilimeza vinane kwa siku moja, nadhani hiyo bado ni rekodi ya mkoa. Siku tatu tumbo langu lilifungwa kama geti la Jumapili. Nusu ya karakana ilikuwa inatembea imeshika matumbo. Naye Mama Madhuben, aliyekuwa akimeza kimoja kwa adabu, alisema kinamkwama kifuani na kinamfunga choo.

Sameer akamwita mtaalamu wa lishe, dada mmoja anaitwa Bhoke, mwembamba, mwenye daftari. Alituangalia, akauliza nani katuambia mfupa unajengwa kwa siku moja. Kisha hakuomba kuona kopo la vidonge. Aliomba kuona jiko. Alikaa huko kwa muda wa saa mbili na Mama Raphael, akatoka akatuelezea kwa lugha ya kueleweka. Alisema mfupa unakula kama mtu, kidogokidogo kila siku, na chakula chake kikubwa, kalsiamu, kimo katika maziwa na mtindi, katika dagaa anayeliwa na miiba yake, katika ufuta, katika mboga za majani kama ya kunde. Mchicha ni mzuri kwa mambo mengine, lakini kwa kalsiamu tusiutegemee peke yake. Maharage na karanga vinasaidia upande wao. Na jua la kwenye ngozi, na kutembea. Vidonge vipo kwa ajili ya mtu ambaye kipimo kimesema anapungukiwa na sahani haitoshi, naye huyo amsikilize daktari wake. Akamwambia Sameer, "Mama yako tumempima, na daktari amekubali tuanze na sahani. Miezi ikipita tutampima tena." Mambo ya unga wa kahawia aliyaona stoo siku hiyo, akacheka peke yake, na hakumwambia mtu. Baadaye alihamishiwa Mwanza.

Basi sahani ya Mama Madhuben ikawa kazi ya Mama Raphael. Na hapa ndipo mnielewe vizuri. Familia hii ni Wahindu, na Mama Madhuben tangu azaliwe hajatia kinywani nyama, wala samaki, wala yai. Siyo kwamba hapendi. Ni imani yake, ni kama wewe na komunyo yako. Mama Raphael alimtengea jiko la mkaa peke yake, sufuria lake, upawa wake, ubao wake wa kukatia. Akamkaangia ufuta na ulezi, akavisaga, akavitia kwenye kopo dogo. Kijiko kimoja juu ya dengu, kijiko kimoja kwenye mtindi. Asubuhi akamtembeza uani juani, wanawake wawili wanazunguka makarasha mabovu, mmoja na rozari shingoni, mwingine na sari na raba za michezo. Ilikuwa ni kitu cha kutazama. Mafundi tulizima mashine wapite.

Kopo kubwa la dagaa rafu ya chini, kopo dogo la ufuta rafu ya juu. Na kila jioni kabla ya kufunga, Mama Raphael alisawazisha unga katika kila kopo, akachora juu yake ishara ya msalaba kwa kidole. Ilikuwa sala, na pia ilikuwa kufuli. Panya akigusa, msalaba unaharibika. Mtu akigusa, vilevile. Sisi hatukujua.

Agosti 2019 fununu zilikuwa zimeenea kwamba Mama Raphael ana dawa. Watu walikuwa wamemwona akichota unga wa kahawia. Wakaunganisha na wale wanawake wa Ushirombo wenye mizizi ya dawa, wakasema hiyo ndiyo sababu mafundi wa Mansukhlal hawaumwi viuno. Mimi nilikuwa naondoka na lori kwenda Rwamgasa kufunga karasha. Nikasema, huko machimboni watu wanavunjika kila wiki, na mimi ni mtu wa huruma. Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Paskalina, msaidizi wake, akiwa ametoka kuteka maji, niliingia stoo nikachota kwa kijiko kutoka kopo kubwa mfuko mzima. Kopo likaonekana limepungua. Kwa akili yangu kubwa, nikachukua kijiko kilekile, nikachota kutoka kopo dogo, nikajazia kopo kubwa. Kijiko nikakiacha ndani ya kopo dogo. Nikapanda lori.

Rwamgasa niliheshimika wiki mbili. Nilifunga unga kwenye vikaratasi, nikawaambia wachimbaji hii ni dawa ya mifupa ya siri, kijiko kwenye uji. Waliniita Dokta. Nilikuwa nakaribishwa uji na soda kila kambi. Watu walisema viuno vimelegea, na mmoja alisema hata upara umeanza kuota. Mpaka alipokuja Tarsisi, mchimbaji kutoka Bukombe, mtu aliyelelewa na dagaa. Akafungua kikaratasi mbele ya umati, akakitazama sana, akasema, "Dokta, dawa yako inaniangalia." Lilikuwa jicho. Jicho zima la dagaa lililoruka mchi. Akalamba kidole, akasema, "Huyu ni wa Nkome, na amekaangwa vizuri." Walicheka mpaka karasha likazimwa. Niliondoka Rwamgasa nikiwa nimelala chini ya turubai la lori langu mwenyewe.

Ningeliacha hapo kama ingekuwa aibu yangu tu. Lakini baada ya siku chache Tarsisi alifika Ngokolo kuchukua kipuri, na pale kaunta akaanza kuwasimulia watu habari za Dokta mmoja, ambaye jina lake hakulijua, na dawa ya Mansukhlal yenye jicho. Sameer alikuwa amesimama nyuma yake. Alisikia unga wa jikoni ni dagaa. Akakumbuka mama yake kila mchana anakula dengu zenye unga kutoka jiko lilelile. Rangi ilimtoka.

Alikuja mpaka mlango wa jiko. Mafundi wote tulikuwa uani, ilikuwa karibu saa saba. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo ilitutisha.

"Mama Raphael. Mama yangu amekula samaki?"

"Hajala."

"Unga wa dagaa upo humu?"

"Upo. Wa kwao hawa." Akatunyooshea upawa sisi tulioshika sahani. Niliona Eustace ameganda na tonge mkononi. "Wa mama yako ni mwingine, na kopo lake ni jingine."

"Mtu ameingia humu akachota. Utajuaje hakuchanganya?"

Mama Raphael akasema tena, "Hajala, Sameer." Alimwita jina tupu, kama alivyomwita alipokuwa mtoto anakuja kuomba uji kwenye mlango huohuo.

Sameer akanyoosha mkono akaomba ufunguo. Alisema jiko litafungwa mpaka ajue ukweli, na kama mama yake ametiwa samaki kinywani, basi halitafunguliwa tena na yeye Mama Raphael hatarudi. Mama Raphael akaufungua ufunguo kutoka kwenye kanga, akampa. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaketi kwenye lile benchi alilokuwa akituketisha sisi tulipoajiriwa. Miaka ishirini na mitano ya kazi ilikuwa imekaa pale benchi, na jina lake mbele ya mwanamke aliyemwaminia kinywa chake.

Mimi nilikuwa nimevaa ngao ya kuchomelea. Nimewahi kukabiliana na fisi wawili njia ya Bukoli nikiwa na spana tu, lakini nawaambieni, siku ile sikuthubutu hata kuinua ngao usoni. Nilijua ni kijiko changu. Nilijua kilitoka kopo la dagaa kikaingia kopo la ufuta. Nikikiri, simwokoi, namzamisha. Nikinyamaza, anazama vilevile.

Mama Madhuben akashuka ngazi taratibu, fimbo mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka dirishani. Akauliza swali moja tu, na aliwauliza mafundi wote: "Aliyechota, alichota siku gani?"

Nikavua ngao. Nikasema ni mimi, na nikasema yote, mpaka kijiko. Nikasema ilikuwa Alhamisi, siku lori lilipoondoka. Eustace alisema taratibu, "Anko, wewe ni mtu wa hovyo sana," na hakuna aliyenitetea, nami sikujitetea.

Mama Madhuben akafumba macho akawa kama anahesabu. Kisha akamgeukia mwanawe. Alisema Alhamisi hiyo dengu zake zilikuja kavu, bila ufuta. Ijumaa vilevile. Jumamosi vilevile. Alimuuliza Koleta, ndivyo anavyomwita Mama Raphael, kwa nini. "Na aliniambia palepale. Alisema, 'Ufuta wako umeingiwa na mkono wa mtu, Mama. Nimewamwagia kuku. Nakutengenezea mwingine.' Mimi sikuuliza mkono wa nani. Wewe umeuliza nini ambacho yeye hakunijibu kabla hujajua kuuliza?"

Ndipo ikajulikana. Asubuhi ile Mama Raphael alifungua makopo, akakuta misalaba yote miwili imevurugwa na kijiko kimesimama mahali pasipo pake. Hakungoja kujua kama kuna madhara. Kopo dogo alilimwaga lote, akalisugua kwa majivu na maji ya moto, akaliweka juani siku tatu, akalitumia tena baada ya hapo. Kijiko alikitupa. Alimwambia mwenye chakula ukweli wote aliokuwa nao. Hakumtaja mwizi kwa sababu hakuwa amemwona, na alituambia baadaye kwamba hata angemwona, kwanza angetaka kujua kama ana njaa.

Mimi nimeona mengi. Nimeona jiwe lililogawanyika katikati likang'aa kama jua, pale Rwamgasa. Lakini sijaona kitu kilichonisimamisha nywele kama mwanamke yule ameketi kwenye benchi na aproni yake mapajani, hajasema hata neno moja la kujisafisha. Ukweli wake ulikuwa umekaa wiki tatu ndani ya mtu mwingine, unangoja.

Sameer alirudisha ufunguo kwa mikono miwili. Alimwamkia, "Shikamoo, Mama," ingawa walishaamkiana asubuhi. Akaitikia, "Marahaba, baba. Chakula kinapoa." Na tukala.

Adhabu yangu alinipangia yeye mwenyewe, ofisi haikuingilia. Kila Jumamosi natwanga dagaa. Ni mwaka wa sita sasa, na sitaki kujisifu, lakini hakuna mwanamume Kanda ya Ziwa anayetwanga dagaa akanifikia. Jicho halijaonekana tena. Eustace siku ile alitoka nje akatema mate mara tatu, akanawa kinywa, kisha akarudi akasimama mlangoni akauliza kwa upole kama mchuzi umebaki. Siku hizi dagaa wanapikwa wazi kila Jumatano, na nyanya na karanga, na anayechelewa hapati. Jumanne ni nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na maziwa mgando. Lile kopo la vidonge mezani liliondoka, pahali pake pana bakuli la karanga. Mwenzetu mmoja daktari wake amemwandikia vidonge kwa sababu ya kipimo chake. Mama Raphael ndiye anayemkumbusha saa ya kumeza, kimoja, siyo vinane, na akisema vinane ananitazama mimi.

Sitasema uongo kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni. Sisemi unga wa dagaa unaunga mfupa uliovunjika. Mfupa unaungwa na hospitali na siku. Lakini Mama Madhuben alipimwa tena mwaka 2021 na 2024, na mtaalamu akasema mifupa haijazidi kudhoofika, aendelee na sahani yake na matembezi yake. Ana miaka sabini na mitano, na mwezi uliopita alipanda ngazi zile zilizomwangusha akiwa amebeba ndoo ya nguo. Sameer alimkimbilia, akaambiwa apishe njia.

Katika miaka hii Mama Raphael amelea wapishi wasaidizi sita, wanne sasa wana migahawa yao wenyewe, mmoja kule Kahama. Hajakosa kazi kwa uzembe hata siku moja. Siku ya msiba wa mama yake mzazi alikuja alfajiri akapika, akamwonyesha Paskalina mahali pa kila kitu, ndipo akapanda basi. Paskalina ndiye anayeshika jiko kuanzia Julai mosi. Ameshaanza kuwaketisha watu kwenye benchi na kuwauliza wanakula nini. Anauliza kwa ukali kidogo, atalainika.

Ijumaa iliyopita, siku yake ya mwisho ya kupika, Mama Madhuben alishuka mapema kuliko sote. Akaingia jikoni, mahali ambapo kwa miaka yote alikuwa akifika mlangoni tu. Akamwambia, "Leo kaa, Koleta." Akapika yeye mwenyewe, mkono ule uliovunjika ndio ulioshika upawa: wali uliochanganywa na choroko, na mtindi wa moto wenye bizari. Mafundi tulisimama na sahani zetu tupu, hakuna aliyethubutu kuuliza zamu yetu itafika lini. Mama Raphael alipakuliwa kwanza. Mwanamke ambaye hajawahi kuweka kitu mezani bila kukionja hakuuliza kilichotiwa humo. Alipiga ishara ya msalaba, akala, Mama Madhuben amesimama kando yake na upawa, akingoja kumwongezea.

Mama Raphael, kwa niaba ya mafundi, madereva, walinzi na familia ya Mansukhlal, wabeja sana, yaani asante sana. Umetulisha tulichokidharau mpaka tukasimama wima. Nenda Ushirombo ukapumzike, ukalime bustani yako kwa raha, ukawe na afya, amani na wajukuu wenye meno ya kutafuna miiba. Maisha yako ya mbele yawe mema kama ulivyoyafanya ya kwetu. Dagaa wa Jumamosi hii nimeshawapembua.

Pantaleo Bundala (Anko),
Fundi wa kuchomelea